Saa Mbili ya Uhabeshi

Kwetu Tanga watu wawili wenye jina moja huitana somo, na wakizoeana sana hata majirani husahau jina lenyewe. Mimi na rafiki yangu tuko hivyo tangu darasa la pili. Pale uwanja wa ndege wa Addis Ababa kijana wa uhamiaji alishika pasi zetu mbili, akasoma jina, akatutazama, akasoma tena, akauliza kama sisi ni ndugu. Somo akajibu ndiyo, maana kueleza kungetuchukua asubuhi nzima na nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa safari. Nina miaka 54, nauza vitafunio Ngamiani: vitumbua na mbaazi za nazi kila siku, na chila, ule mkate laini wa mchele wa kumimina, siku ya Ijumaa tu kwa sababu chila ina kazi. Saa kumi alfajiri nimeshawasha moto. Somo ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye mwenye Kiingereza na ndiye mwenye daftari. Mahali fulani alisoma habari za ziwa lililo ndani ya mlima huko Ethiopia, linaitwa Wenchi, akaanza kunisumbua. Mwaka mzima ananisumbua. Nilipopokea mchezo wangu wa upatu mwezi wa nane nikamwambia haya, twende, uninyamazie.

Mtaani kila mtu aliyesikia tunapanda ndege aliuliza tunafuata nguo Dubai au China. Tukisema tunakwenda Uhabeshi kupanda mlima, wanacheka. Mzee mmoja wa baraza la kahawa ndiye pekee aliyetuelewa. Alisema, "Mnakwenda kwa Najashi," halafu akatusimulia upya kisa tulichokisikia madrasa, masahaba walivyokimbilia kwa yule mfalme wa Habeshi naye akakataa kuwarudisha kwa maadui zao. Akamaliza kwa kuniagiza buni. Nitarudi kwenye buni.

Mazoezi tulifanya. Jumamosi jioni tulitembea kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi, na mara moja tulipanda basi la Lushoto tukatembea mpaka Irente, pale unaposimama kwenye jabali na tambarare yote iko chini ya miguu. Nikajiona nimekomaa. Kosa. Addis Ababa yenyewe, kabla hujapanda chochote, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mapafu yangu yamekulia usawa wa bahari hasa. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa na ngazi za ghorofa mbili. Siku ya kwanza nilipumzika mara tatu kabla ya kufika chumbani, nimeshika ukuta, Somo nyuma yangu anahesabu ngazi kwa sauti kana kwamba niko darasani kwake.

Sasa habari ya saa.

Jumatatu tulipatana na dereva kwa simu, atupeleke Wenchi kesho yake. Ni kama kilomita 150 magharibi ya Addis. Somo alizungumza naye Kiingereza, akamuuliza atakuja muda gani, dereva akasema "tu oklok". Somo akaandika kwenye daftari: saa nane mchana. Mimi nikasema, Somo, saa nane mchana tutafika lini, tutapanda lini? Akanijibu wenyewe ndio wanaojua barabara yao. Nikanyamaza, mwalimu ni mwalimu.

Jumanne asubuhi tukatoka zetu kuzunguka Merkato, soko kubwa kuliko soko lolote nililowahi kuingia, mtaa mzima viungo, mtaa mzima vyuma chakavu, punda wanapita na mizigo. Tukaswali adhuhuri msikiti wa Anwar. Saa nane kasorobo tumeketi chini kwenye kochi la mapokezi, mikoba magotini. Saa nane. Saa tisa. Saa tisa na nusu Somo anampigia dereva, hapokei. Saa kumi mama mwenye nyumba akatoka jikoni, akatuuliza tunangoja nini. Somo akamwonyesha daftari. Yule mama akasoma, akaweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akaketi nasi kwenye kochi. Dereva alikuja asubuhi! Alikuja saa mbili asubuhi, akangoja zaidi ya saa nzima, akaondoka amekasirika.

Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza siku inaanza, saa moja, saa mbili, saa tatu. Hata neno lenyewe ni hilohilo, wao wanasema saat. Tena wako majira yaleyale ya Afrika Mashariki, saa yangu ya mkononi sikuigusa tangu Tanga. Dereva alisema saa mbili, akaivika maneno ya Kiingereza tu bila kuibadilisha. Na sisi, kwa kuwa shuleni tulichapwa viboko mpaka tukajua kwamba Kiingereza kikisema mbili maana yake ni nane, tukaibadilisha. Yaani katika nchi ambayo mtu wa Tanga hana haja kabisa ya kutafsiri saa, tulikosa gari kwa kutafsiri saa. Somo hakuongea mpaka magharibi.

Mama mwenye nyumba alituonea huruma, akanishika mkono akanipeleka jikoni. Alikuwa anamwaga injera.

Hapa mniwie radhi, nitakaa kidogo, maana hii ndiyo kazi yangu. Injera nilikuwa nimeila tangu Jumapili, na nilipoiona mara ya kwanza sikuona mkate wa kigeni, niliona chila iliyokua ikawa kubwa kama ungo. Vitundu vilevile juu, laini vilevile, chini pamekauka vilevile. Tofauti ni rangi, kahawia kidogo, na uchachu unaokuja mwisho ukishameza. Nafaka yake inaitwa teff, punje ndogo mno, ukiiweka kiganjani na mwanao akapiga chafya umepata hasara. Unga unakorogwa na maji, unatiwa chachu ambayo ni yale maji ya njano yaliyobaki juu ya unga wa mara iliyopita, unaachwa siku mbili tatu. Bibi yangu alifanya hivyohivyo na chila zamani, alibakiza unga wa jana kwenye kibakuli cha udongo. Mimi natumia hamira ya pakiti, na jikoni kwa yule mama niliona haya kusema.

Chuma chake kilikuwa cha umeme, bapa, kipana kuliko mikono yangu ikikunjuliwa nusu. Alipangusa, akachukua kopo lenye mdomo, akamwaga kuanzia pembeni, akizunguka, akizunguka, mduara unabana kuelekea katikati, mkono hautetemeki. Hakugusa tena. Akangoja kidogo, unga ukaanza kufumbuka, kitundu kimoja, vitano, mia, akavionyesha kwa kidole akisema "ayn, ayn". Macho. Sisi tunaita vitundu, wao wanaita macho, na kweli ule unga ulikuwa unatutazama. Akafunika. Injera haigeuzwi. Mvuke unaivisha upande wa juu, halafu unaichopeka kwa mkeka mwembamba wa ukindu na kuitelezesha kwenye sinia.

Akanipa kopo. Mimi mkono wangu umezoea chila, chila naimwaga katikati naiacha itambae. Nikamwaga katikati. Nikapata donge katikati na pembeni hakuna kitu, na nilipoichopeka ikachanika kama kanga ya kudekia. Ya pili nikaanza pembeni lakini nikasita, ikatoka na mstari. Ya tatu ikawa injera. Mama akaikata kipande, akatafuna, akasema "gobez", ambalo ni neno la kumsifu mtu hodari. Nimepewa vyeti maishani, viwili, hakuna kilichonifurahisha vile.

Usiku huo alituandalia shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu kavu na pilipili yao nyekundu, juu ya injera yangu ya tatu. Kabla Somo hajanyoosha mkono, mama akakata tonge, akalikunja, akamtia mdomoni. Somo akaganda. Kwetu anayelishwa ni mtoto, mgonjwa au bibi harusi. Wao wanaiita gursha, ni heshima ya mezani, na tonge linavyokuwa kubwa ndivyo mapenzi yanavyokuwa makubwa. Somo alitafuna kwa muda mrefu macho yakimtoka machozi, sijui pilipili, sijui nini, maana alikuwa bado ana aibu ya daftari.

Jumatano dereva alirudi. Saa mbili yao, saa mbili yetu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, adabu zote, lakini amenuna. Njia nzima hakuongea. Mvua zao zilikuwa zimetoka kuisha, mwanzo wa Oktoba, na mabonde yote yalikuwa yamejaa maua ya njano. Tukapita Ambo, mji wa maji yenye gesi, kisha barabara ikaanza kupanda, baridi ikaingia mpaka Somo akajifunga kanga mbili juu ya dera. Ndiyo, alipanda mlima na dera. Suruali ilikuwa ndani.

Wenchi ni mlima wa volkano uliokufa, kileleni umebonyea, na ndani ya lile shimo kuna ziwa, vijiji, mashamba ya shayiri, na kisiwa chenye monasteri ya kale. Ukingoni uko zaidi ya mita 3,000. Unasimama juu kabisa ndipo unaliona lote kwa mara moja, ziwa la buluu iliyokolea, mashua moja kama kitumbua kilichoangukia kwenye beseni. Kushuka ni raha. Vijana wenye farasi walitufuata wakiita "feres! feres!" na Somo akaniuliza kwa nini basi tulisoma Kiingereza badala ya Kihabeshi, maana nusu tunakijua. Njiani tukaona migomba iliyonona kwenye baridi ile, tukashangaa. Siyo migomba. Inaitwa enset, ndizi zake haziliwi, wanakwangua shina na kuufukia unga wake shimoni uchachuke kwa miezi, kisha wanaoka mkate. Nilionja. Harufu kali, unavutika kwenye meno. Sikuupenda, na sitadanganya hapa kwa sababu ya adabu.

Kupanda kurudi ukingoni, hayo yalikuwa mengine. Hatua kumi, pumzi. Hatua nane, pumzi. Matope yanateleza. Somo baada ya dakika ishirini akalipia farasi, akanipita juu ameketi kama malkia, kanga inapepea. Mimi nilikataa, kiburi tu, hakuna sababu nyingine. Mtoto wa kike wa miaka kama tisa, na mzigo wa kuni mgongoni, alinipita mara moja, akaketi kuningoja, akanipita tena. Nilifika juu saa nane na nusu. Mchana, ya kweli.

Kule juu kuna nyumba ya chakula. Kwa sisi Waislamu chakula Ethiopia kinataka kuuliza, maana pale Mwislamu hali nyama aliyochinja Mkristo, na Mkristo naye hali ya Mwislamu, kila mtu anajua na hakuna anayekasirika. Lakini Jumatano na Ijumaa Wakristo wao wa kanisa la Orthodoksi hufunga, hawali nyama wala maziwa wala mayai, na kila mkahawa unapika vyakula vya mfungo: dengu nyekundu, dengu za njano, sukuma, kabichi na karoti, viazisukari vyekundu, shiro katikati, vyote vimemwagwa mafungu mafungu juu ya injera moja. Yaani tungefika Jumanne tungekula kwa wasiwasi. Dereva alikaa nasi lakini hakugusa hata maji mpaka ilipopiga saa tisa. Kumbe alikuwa amefunga. Kumbe sehemu ya ule mnuno ilikuwa njaa.

Somo akaninong'oneza, "Mlishe." Nikamwambia mlishe wewe, wewe ndiye uliyeandika saa nane. Akasema yeye hamlishi mwanamume asiye wake. Haya. Mimi nina kijana mkubwa kuliko huyu. Nikakata kipande cha injera, nikakusanya dengu, shiro, na kipande cha viazisukari, nikafunga tonge ambalo kwa haki lilitosha watu wawili, nikamwambia Somo atafsiri: hili ni la Jumanne. Kijana akaangalia tonge, akaniangalia mimi, akafungua mdomo. Alishindwa kuufunga. Akacheka kwa pua, dengu zikamtoka, na kuanzia hapo hakunyamaza mpaka Addis. Alitueleza kwamba mwaka wao una miezi kumi na mitatu, na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane.

Kahawa tulikunywa ukingoni palepale, majani mabichi yametandazwa chini, ubani unafuka kama nyumba yenye arusi. Wanaikaanga mbele yako, wanaitwanga, wanaichemsha kwenye birika la udongo lenye shingo. Kahawa kwao ni buna. Vikombe ni vitatu, cha tatu kinaitwa baraka, na si heshima kuondoka kabla yake. Mzee wa baraza nimemletea nusu kilo ya buni. Ameinusa, akasema ya Bukoba ni kali zaidi. Haya.

Teff sina. Juzi nimekoroga ulezi na mchele kidogo bila hamira, nikaweka ndoo chini ya meza. Leo ni siku ya pili, povu limeanza, na mkwe wangu ameshauliza mara mbili ni nani aliyesahau uji. Kesho Ijumaa namwaga ya kwanza, kuanzia pembeni.