Waya wa tatu na kabureta isiyotulia

Ndege ya mfano inayoongozwa kwa nyaya humzunguka rubani wake aliyesimama katikati ya duara, na kwa kawaida nyaya mbili humtosha, kwa kuwa kazi yake ni kuinua na kushusha pua tu, huku injini ikiachwa ingurume kwa nguvu zote mpaka mafuta yaishe. Mimi nilivutiwa na shindano la Marekani liitwalo Navy Carrier, ambamo rubani huruka mizunguko 7 kwa kasi kubwa, kisha mizunguko 7 polepole kadiri awezavyo, halafu hutua kwenye sitaha iliyoigizwa ya manowari. Hapo waya wa tatu, unaofungua na kufunga kabureta, hufaa sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuufunga waya huo juu ya meza, nyaya zote zikiwa zimelegea. Kila kitu kilionekana sawa, lakini angani injini ilififia kila nilipoinua pua, kwa sababu mkono wa ndani ya ndege unaopeleka amri kwenye mkia ulikuwa unaivuta na fimbo ya kabureta. Sasa humwomba mwenzangu aishike ndege, nami navuta nyaya zikaze kama zinavyokaza wakati wa kuruka, kisha napeleka usukani wa mkia juu na chini hadi mwisho huku yeye akikodolea macho kabureta. Ikitikisika hata kidogo, fimbo inarekebishwa upya kabla ya kuwasha.

Sailensa, kama mafundi wa magari wanavyouita mngurumo wa chini kabisa wa injini, ndiyo iliyonichosha zaidi. Kabureta ikifungwa hewa hupungua na mafuta huzidi, injini ikatoa moshi na kuzimika. Skrubu ndogo ya hewa hurekebisha hilo, nami huigeuza kidogo kidogo, si zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja. Hata hivyo, sailensa nzuri ya ardhini haiaminiki. Angani mafuta husukumwa upande wa nje wa tangi, na kasi ikishuka hadi nusu, msukumo huo hubaki robo tu, hivyo mchanganyiko hubadilika tena. Siku hizi huacha sailensa ya ardhini iwe juu kidogo, kisha huimalizia baada ya kusikiliza mizunguko michache ya polepole.