Mwaka wa nne nakula kwa kuchana, na Dar sijahamia

Kila aliyewahi kunishauri kuhusu kuchana, yaani kurap, alianza na maneno yale yale: "Dogo, nenda Dar." Kinyozi wangu wa Majengo kasema. Prodyuza wangu kasema. Hata mama mdogo, ambaye kwake biti na kengele ya kanisa ni kitu kimoja, naye kasema. Dodoma, waliniambia, rapa anakuja akishapigiwa kura tu. Hapo sikuwa na la kujibu, maana ni kweli: Sugu alikuja na Mbeya Mjini 2010, Profesa Jay akaja na Mikumi 2015, MwanaFA akaja na Muheza 2020 na baadaye akapewa unaibu waziri kabisa. Mimi jimbo sina. Nina chumba Nkuhungu, na huu ni mwaka wa nne kodi ya chumba hicho inatoka mdomoni mwangu. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba zege Mtumba, kule wizara zinakojengwa.

Dar nilikwenda. Nikakaa kwa binamu yangu mwezi na siku kadhaa, nikarudi. Hayo tuyaache.

Ushauri wa pili ulikuwa wa YouTube. "Toa video kali, hela itajileta." Nikatoa video, kama laki saba hivi ukichanganya na nauli, nguo za kuazima na soda za wale madada. Hakuna aliyeniambia kwamba ili ugawiwe hela ya matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa elfu nne! Wimbo wangu una dakika tatu, na mashabiki wangu wana bando la mia tano. Wanaangalia hadi ubeti wa kwanza, wanakata, wanakutumia ujumbe wa "broo umeua".

Lakini aliyeniangusha kweli kweli ni mimi mwenyewe, na shoo yangu ya Januari.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: mwishoni mwa Januari Bunge linakaa, mji unajaa wageni, gesti zinapandisha bei, kwa hiyo hela ipo. Nikakodi ukumbi, nikakodi spika, kiingilio elfu tano. Mabango nilichapisha mia moja, picha yangu nimevaa miwani, nimekunja uso kama nadaiwa. Kwa kubana matumizi sikununua gundi. Nikapika uji wa ngano mzito, nikazunguka usiku kucha na mdogo wangu tukibandika, kuanzia Chang'ombe hadi Nkuhungu. Asubuhi natoka nje nijione ukutani, nakuta mbuzi watatu wamesimama kwa miguu ya nyuma wananila. Wameanza na kidevu. Mmoja alikuwa na kipande cha miwani mdomoni, ananitazama huku anatafuna taratibu. Yaliyobaki juu, ambako mbuzi hawafiki, upepo wa Dodoma uliyamaliza kabla ya saa kumi.

Waliolipa walikuwa ishirini na tatu. Namjumlisha mama mdogo. Waliokuja bure, wakijiita "timu", walizidi thelathini, na hao ndio waliomaliza maji. Umeme ulikatika katika wimbo wa pili. Nikamaliza shoo bila kipaza sauti, nimesimama juu ya meza, napiga makofi mwenyewe kutunza mapigo. Deni lilinichukua hadi mavuno kulimaliza.

Neno hilo, mavuno, ndilo nililopaswa kulijua tangu mwanzo, mtoto wa Mgogo mimi. Huku mvua ni moja tu kwa mwaka, inaanza Desemba hivi inaishia Aprili. Januari watu wamezika hela yao shambani pamoja na mbegu, na iliyobaki imekwenda kwenye ada na sare. Mbunge naye hanunui tiketi ya kumtazama kijana wa Nkuhungu. Hela inatembea kuanzia Mei: uwele, alizeti, mahindi, halafu ndoa, maana ndoa huku zinafuata magunia. Sasa kuanzia Januari hadi Machi natunga tu na kula akiba, na anayetaka kunikopesha ili nifanye shoo miezi hiyo namfukuza.

Usiku ule ule wa meza ndipo mchongo ulipotokea. Dada mmoja kati ya wale ishirini na tatu alinifuata akaniambia, "Wewe bila maiki unasikika. Njoo uchane kwenye sendoff ya mdogo wangu." Nikaona dharau. Rapa kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi? Nikaenda kwa sababu ya deni.

Siku hizi naenda kwa mpango. Mwezi mmoja kabla namtafuta katibu wa kamati ya sherehe, sio mwenyekiti. Mwenyekiti ana maneno, katibu ana daftari. Namwomba majina ya wazazi, mashangazi, wajomba, na kwa kila jina kisa kimoja kidogo cha kweli. Sio sifa. Ukimwambia mama wa bwana harusi kwamba ana roho nzuri, anatabasamu tu. Ukimtaja na shamba lake la zabibu la Hombolo, na ile baiskeli aliyokuwa akipakilia matenga enzi zile, anainuka kwenye kiti. Akiinuka yeye, ukoo mzima unainuka kuja kutunza, noti zinapachikwa hadi kwenye kola. Wajomba nawaweka mwisho, mmoja mmoja, na nikishamtaja wa kwanza nakaa kimya mapigo manne. Hayo mapigo manne ndiyo kodi yangu ya miezi miwili. Hakuna mjomba anayekubali aliyetangulia atoe kumi halafu yeye atoe tano.

Biti ziwe kwenye flashi mbili, kila moja mfuko wake. Usiulize.

Siku zisizo na sherehe nafuata minada. Nikifika nafungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", wazee wanaitikia huku wanacheka, halafu nachana kwenye gari la matangazo: dawa za mifugo, mbegu, viatu, chochote. Kwa siku napata kati ya elfu thelathini na hamsini, na chakula. Nyimbo zangu nawapa bure vijana wanaoingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Nao wanatoza wateja wao, sidai hata shilingi, maana wiki mbili baadaye nakuta bodaboda wa Mpwapwa ananiimbia mistari yangu, na aliyeipeleka huko simjui.

Wimbo ulionijulisha kwa wakulima ni wa lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo. Nilikuwa Kibaigwa, sokoni, nikamwona mzee anashindilia gunia kwa mguu, halafu anaongezewa kilemba juu, kinashonwa kwa kamba, na bei ni ya gunia moja. Nikatunga palepale, nikaipiga kwenye spika za gari. Wakulima walipiga mayowe mpaka madereva wa malori wakashuka kuangalia. Baada ya nusu saa mfanyabiashara mmoja akaniita pembeni, mpole kabisa, akauliza, "Kijana, hili gari la matangazo unadhani analipia nani?" Alikuwa yeye. Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kishujaa. Nilitoa mstari mmoja, ule uliotaja rangi ya shati lake, mingine nikaiacha. Akaridhika. Siku hizi tukikutana ananiita "bwana lumbesa" na ananinunulia chai.

Mama mdogo bado anauliza naenda lini Dar. Nimemwambia treni ya umeme inafika Dar kwa saa chache tu, wakinihitaji waje wao.

Jumamosi nina sendoff Ihumwa. Katibu kanitumia majina kumi na nane, kumi na saba yamekaa vizuri kwenye vina. Limebaki la mjomba mkubwa, Obedi. Tangu jana nimepata "komredi" tu, na nimeambiwa yuko upinzani.