Ndege wa Maji: Nilivyopanga Safari ya Msimbazi na Rufiji

Kabla ya kuchagua tarehe nilitazama mwezi. Ndege wa majini hawana saa nyingine isipokuwa maji, na mimi nina siku chache za mapumziko, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Mlangoni mwa mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, karibu na daraja la Salender, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likipwa tope huachwa wazi hadi mbali sana, na vitwitwi, ndege wanaotafuta chakula topeni, waliohamia kutoka kaskazini ya dunia huonekana kama vidoa tu. Maji yakijaa pomoni hawana pa kulia, wanaruka kwenda kupumzika kwingine. Nafasi iko katikati, pale maji yanapoanza kupanda na kuwasogeza taratibu kuelekea ufukweni.

Hesabu yenyewe wavuvi wanaijua bila karatasi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, Dar es Salaam maji hupwa karibu saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kama mita 3. Wakati wa maji mafu ni kama mita 1 tu. Nilichagua siku ya 8 baada ya mwezi mpevu, wakati wa maji mafu. Maji yalipwa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama mahali pangu, mwanga bado laini, upepo haujaamka.

Wengi hukimbilia bamvua wakidhani tope kubwa ndilo lenye ndege wengi. Ni wengi kweli, lakini wametawanyika, na wanapoanza kusogea ni saa sita au saa saba mchana. Saa hizo joto hufanya hewa icheze mbele ya kioo cha darubini na huwezi kujua miguu ya ndege ni ya kijani au ni myeusi. Maji mafu huacha ukanda mwembamba wa tope, na wote hubanana humo. Kwa mtu anayetaka kuwatambua, si kuwahesabu, siku za maji mafu ni bora zaidi.

Jua la asubuhi linatoka baharini. Nilitazama kuelekea mikoko ya upande wa bara, jua likiwa mgongoni. Sikushuka kwenye tope: linameza mguu hadi gotini, na mto huo unabeba maji machafu ya mji. Pia nilikwenda na mwenzangu, maana darubini shingoni huvutia macho yasiyotakiwa.

Vitwitwi ni kazi ngumu kwa sababu huku kwetu wengi wao wamevaa kijivu. Achana na rangi kwanza, angalia mdomo na mwendo. Yule mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, anayekimbia kimbiakimbia huku ameinamisha kichwa, humkosi. Mwenye mdomo uliopinda chini kidogo, akiruka akaonyesha kiuno cheupe, ni kitwitwi wa aina nyingine. Sululu ni mkubwa na mdomo wake ni kama jina lake. Kuna ndege mnene wa kijivu anayesimama peke yake, anatazama, kisha anapiga hatua chache na kusimama tena. Subiri aruke: ana makwapa meusi, na hakuna mwingine pale mwenye alama hiyo.

Mwezi ulikuwa Oktoba, na sababu ni moja. Wahamiaji wa pwani wapo tangu Septemba hadi Aprili, na mafungu ya mchanga ya Rufiji hujitokeza kiangazi, takriban Juni hadi Oktoba. Oktoba hukutanisha yote mawili. Ukisubiri Desemba, mvua inaweza kuwa imeshaharibu barabara na mto umefunika mchanga. Aprili na Mei kambi nyingi za huko hufungwa kabisa.

Siku iliyofuata nilitoka Dar kwenda Rufiji kupitia Mbagala, Mkuranga hadi Kibiti, nikajaza mafuta hapo, kisha nikakata kulia kuelekea Mloka, kama kilomita 100. Kipande hicho nilikipita kikiwa cha vumbi. Nilikitengea saa 3 peke yake, na zote zilitumika. Lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Selous, lipo mbele kidogo. Malipo nilikuwa nimeyamaliza mapema kwa namba ya malipo, kwani intaneti ya huko si ya kutegemea. Nguo zilikuwa za rangi ya udongo. Bluu na nyeusi huita mbung'o.

Boti ndiyo roho ya safari. Darubini yangu ni ya 8x42, yaani hukuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Ile ya mara 10 inakuza zaidi, lakini kwenye boti inayotikisika inakuza mtikisiko pia, na uwanja wake wa kuona ni mwembamba. Ile kubwa ya miguu mitatu iliyonisaidia Msimbazi niliiacha garini. Tuliondoka mara tu kulipokucha, na jambo la kwanza nililomwomba nahodha ni hili: "Tukikaribia fungu, zima injini huko juu, tuteremke na mkondo." Boti inayopanda mto kwa kishindo huwarusha ndege wote kabla hujainua kioo.

Kwenye mafungu hayo hutaga ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye mdomo mwekundu ambao taya la chini ni refu kuliko la juu. Huruka chini kabisa akichana maji kwa taya hilo. Mayai huyalaza juu ya mchanga mtupu. Mzazi akirushwa saa tano mchana, jua hupika yai kwa muda mfupi, na mwewe wanaona. Hatukukanyaga fungu hata moja, na tulikaa mbali kiasi cha mita 50. Kama picha haitoki kwa umbali huo, haikuwa yako.

Kwenye kingo zilizosimama wima, keremkerem (ndege wala nyuki) wenye paji jeupe huchimba mashimo yao. Maji yakipanda ghafla mashimo ya chini huzama. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, mto hautegemei mvua peke yake, kwa hiyo niliwauliza watu wa boti hali ya maji ya wiki hiyo, sikutumia kumbukumbu za zamani.

Nahodha mzuri pia hakati kati ya kiboko na kina. Kiboko aliye kwenye maji mafupi hukimbilia penye kina, na boti ikiwa njiani anaipitia juu.

Kwenye maziwa ya pembeni mivumo, miti ya jamii ya mnazi, imesimama ndani ya maji, mingine imekufa. Iangalie kuanzia juu: tai anayekula matunda ya mchikichi hupenda hapo. Kisha shuka hadi kwenye maji, walipo mdiria, mbizi aliyeanika mbawa na korongo.

Jioni nilipuliza mchanga kwenye vioo kwanza, ndipo nikafuta kwa kitambaa chenye maji baridi. Ukifuta kabla ya kupuliza, chumvi na mchanga hukwaruza. Nyumbani Dar darubini hukaa kwenye kopo lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, la sivyo ukungu huota ndani ya kioo.

Daftarini kila mstari una saa, mahali, ndege, idadi na hali ya maji: yanajaa, yanapwa, mto umeshuka au umepanda. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza ninapotafuta tarehe za Oktoba inayokuja.