Kodi ya Jinja si ile unayotajiwa

Mimi ni wa Mombasa, nimekulia kando ya maji. Nilipopata kazi Jinja, mji wa Uganda ulio kando ya Ziwa Victoria, nilijiambia kuwa ziwa litanifariji, maana Uganda haina bahari. Fukwe za ziwa kweli nimezipata, ila nyumba iliniramba kwanza.

Nilishuka basi na shilingi 1,200,000 za Uganda mfukoni, nikijiona tajiri. Dalali akanipeleka mtaa wa Mpumudde, kwenye vyumba viwili vyenye choo ndani, kodi 350,000. Mpumudde maana yake ni "nimepumzika". Ndiko alikofia Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, akirudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Mimi sikupumzika. Mama mwenye nyumba alitaka miezi mitatu mbele: 1,050,000. Dalali naye mwezi mmoja mzima, 350,000, juu ya 30,000 aliyokwisha chukua kwa kunionyesha tu. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, 10,000. Kitasa kipya, 25,000, kwa sababu sijui ni wangapi waliobaki na ufunguo wa zamani. Jumla 1,465,000.

Nikamwambia yule mama ukweli. "Maama, mimi ni mgeni, pesa yangu imeishia hapa. Chukua miezi miwili, wa tatu nitakupa nikipokea mshahara." Akanitazama kutoka juu hadi chini, akauliza ninafanya kazi wapi, kisha akapokea. Nililala usiku ule sakafuni nikiwa na 85,000.

Mwezi wa kwanza ndio ulionifundisha hesabu. Askari wa usiku 15,000. Taka 5,000. Maji tuligawana bili kwa idadi ya watu, ikawa 20,000 na ushei. Boda kwenda mjini na kurudi 4,000 kwa siku, siku 26 za kazi: 104,000! Umeme 40,000, na hapo ndipo nilipokwama, kwani nilikuwa na taa tatu, simu, redio na birika. Nyumba ya 350,000 ikawa inakula zaidi ya 530,000.

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenifumbua macho. Uganda mita ya nyumba hupewa yuniti 15 za mwanzo wa mwezi kwa shilingi 250 kila moja. Ukizivuka, bei inaruka hadi karibu mara tatu. Sisi tulikuwa milango mitano kwenye Yaka moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Zile yuniti 15 zilikuwa zikiisha kabla hata ya siku ya tatu, baadaye wote tunalipa bei ya juu, na mwenye friji anagawana sawa na asiye na friji. Basi nikaenda kwa mama mwenye nyumba na pendekezo: mimi nagharimia nyaya, yeye aombe mita ya mlango wangu, gharama tuikate kwenye kodi kidogo kidogo. Ilichukua karibu miezi miwili na safari nyingi za ofisini, nyingine za bure kabisa. Leo umeme wangu hauzidi 22,000, birika likiwa lile lile.

Boda nayo niliikata kwa baiskeli kuukuu ya 180,000. Watu wa Jinja hawakushangaa, mji huu una waendesha baiskeli tele. Aliyeshangaa ni ndugu yangu wa Mombasa nilipomtumia picha.

Mwaka ulipoisha mama akaja na bei mpya, 420,000. Nilikuwa nimeshajua kuwa sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, yaani 385,000 kwa nyumba yangu. Sikumrushia sheria usoni. Nilimpelekea samaki, tukakaa barazani, nikamweleza kwa upole na kumkumbusha ile mita iliyobaki kuwa mali yake. Tukakubaliana 370,000. Ila akaongeza sharti moja: kodi nikiituma kwa simu, nitume na ya kutolea.

Siku hizi nampelekea mkononi, kwa baiskeli.