Jumanne moja ya kocha wa malainibeka

Saa 11:10 alfajiri. Chai ya maziwa imo kwenye chupa, laptopu imo begini, na Fort Worth bado ni giza. Kwa kocha wa shule ya sekondari hapa Texas, Jumanne ndiyo siku nzito. Ijumaa usiku watu huona taa, bendi na majukwaa yaliyofurika, lakini mechi yenyewe tunaitengeneza leo.

Jamaa zangu Nakuru wakisikia nafundisha mpira wa Kimarekani, tena upande wa ulinzi, hudhani nashinda nikiwaamuru vijana wapigane vikumbo. Vikumbo vipo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufundisha macho.

Saa 12:15 asubuhi. Makocha wa ulinzi tumebanana ofisini, video ya wapinzani wetu wa Ijumaa iko ukutani. Lainibeka, yaani mlinzi wa safu ya pili, husimama yadi nne au tano nyuma ya wenzake wa mstari wa mbele, kwa hiyo anaona kila kitu, na hapo ndipo shida yake inapoanzia. Kuna wachezaji 11 mbele yake na baadhi yao wako pale kumhadaa tu. Tunamchagulia mtu mmoja wa kumtazama: gadi wa wapinzani, lile jitu linalojipanga kando ya senta, anayeanzisha mchezo kwa kuupitisha mpira nyuma. Gadi hana muda wa kuigiza. Akisukuma mbele, mpira unakimbizwa; akichomoka kwenda pembeni, mfuate, mpira uko njiani kwenda huko; akiinuka na kurudi nyuma, kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi, anataka kurusha.

Siku hizi hata hilo limeharibiwa. Shule za Texas hucheza kwa kanuni za vyuo vikuu, na kanuni hizo zinawaruhusu washambuliaji wa mstari wa mbele kusonga hadi yadi 3 mbele ya mstari wa kuanzia mchezo hata kama mpira utarushwa kupita mstari. Kwenye NFL, ligi ya kulipwa, ni yadi 1 tu. Basi gadi anasukuma kana kwamba ni mbio, kijana wangu anapanda kuziba mwanya, na kwotabeki anaurusha mpira palepale alipotoka. Yaani kijana anamsoma gadi huku kwotabeki akimsoma yeye.

Wapinzani wa wiki hii wanaishi kwa mchezo huo. Mkuu wetu wa ulinzi anataka malainibeka wasubiri kidogo kabla ya kuamua. Mimi nakataa: anayesubiri huchelewa kote kuwili. Tunabishana mpaka kahawa yake inapoa. Mwishowe tunakubaliana kwamba Will, ndivyo tunavyomwita lainibeka wa upande mwepesi, wenye washambuliaji wachache, apande moja kwa moja bila kujiuliza, na mlinzi wa nyuma ashuke kulinda nafasi atakayoiacha. Kila mtu na kazi moja.

Saa 2:00 asubuhi. Jiografia, darasa la tisa. Katika shule za serikali hapa makocha ni walimu, na mitihani haisahihishwi na mtu mwingine.

Saa 6:00 mchana. Vijana wanakuja darasani kwangu na sinia zao za chakula. Nawaonyesha picha za Mike Singletary, aliyezaliwa Houston, akasoma Chuo Kikuu cha Baylor pale Waco, kisha akawa lainibeka na kitovu cha ulinzi wa Chicago Bears waliotwaa Super Bowl, fainali ya NFL, Januari 1986. Watu humkumbuka kwa yale macho yaliyomtoka. Nawaambia watazame miguu pia: hatua fupi, mwili haupandi juu. Halafu, kwa kujifurahisha tu, nawatajia Daniel Adongo, Mkenya mchezaji wa raga ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 wakamfanya lainibeka. Hakuna aliyewahi kumsikia. Mmoja anauliza raga inachezwa na helmeti gani.

Saa 9:00 alasiri. Uwanjani, jua la Septemba bado linachoma. Nawapanga malainibeka wangu, vijana wengine wanakaa mbele yao kama magadi, nami nasimama nyuma ya malainibeka ili wasinione. Nawaonyesha magadi kwa kidole waende wapi. Hakuna mpira, hakuna kugongana, ni hatua ya kwanza tu. Kulia, kushoto, nyuma, kulia. Mike wetu, ndivyo tunavyomwita lainibeka wa katikati, anakisia kabla gadi hajatikisika. Mara nyingine anapatia, na hizo ndizo zinazonikera zaidi, kwa sababu kesho atakisia tena.

Kisha gurudumu la sponji. Nalibingirisha, kijana analikimbiza na kulikumbatia kwa bega, kichwa kikiwa upande wa nyuma, shavu limegusana na paja ambalo lingekuwepo. Hili nililijua tangu raga, ambako huna kofia ngumu ya kukudanganya kwamba kichwa ni silaha. UIL, chama kinachosimamia michezo ya shule Texas, kinamruhusu kila mchezaji dakika 90 tu za mazoezi ya kugongana kikamilifu kwa wiki. Makocha wengine hunung'unika. Mimi naona zinatosha.

Saa 10:15 jioni. Timu nzima. Mara ya kwanza Will anapanda vizuri, lakini mlinzi wa nyuma amesahau kushuka, mpira unapita. Tunarudia hadi wote wawili wanaondoka kwa pamoja kama milango ya kabati moja.

Saa 12:00 jioni. Kwenye maegesho mama wa kijana wangu mmoja, familia iliyotoka Kongo, ananingoja.

"Mwalimu, kichwa ya mutoto wangu iko muzuri?"

"Iko salama, mama." Namweleza kwamba tangu 2011 sheria ya Texas inataka mwanafunzi anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe uwanjani papo hapo, asirudi siku hiyo, na asirudi kabisa bila daktari kuridhia. Ananisikiliza hadi mwisho, halafu anamgeukia mwanawe na kumpapasa kisogo mwenyewe.

Saa 2:45 usiku. Watoto wangu wamelala, nimerudi kwenye video. Gadi wa kushoto wa wapinzani ana kitu: kwenye mbio mkono wake unaikandamiza nyasi na mgongo unainuka, kwenye kurusha, vidole vinagusa tu na uzito uko visiginoni. Nakata vipande na kuwatumia vijana bila maelezo, niwaulize wameona nini.

Will anajibu kwanza: "Mkono, kocha. Na yule wa kulia?"

Wa kulia sijamtazama bado. Nairudisha video mwanzo.