Ukishaitwa dokta, nani anakupa muda wa kuandika?

Mahafali yakifika vigelegele vinapigwa, mtu anavishwa kofia, ukoo mzima umekuja na mashada, na ni haki yake kabisa maana PhD si mchezo. Ila mi huwa nawaza miaka mitano sita mbele, yule dokta ameandika nini tangu siku ile, kwa sababu nikiangalia wengi niliosoma nao machapisho yao yanaishia mwaka uleule waliomaliza au mwaka mmoja baadaye, alafu kimya. Na watu wanakimbilia kusema wamebweteka, walitaka jina tu. Hapana, nakataa.

Kwanza jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2014 John Ioannidis na wenzake Boyack na Klavans walitoa kwenye jarida la PLOS ONE hesabu ya wanasayansi wa dunia nzima waliochapisha kati ya 1996 na 2011, wakapata watu zaidi ya milioni 15. Sasa katika hao wote, waliotoa chapisho angalau moja kila mwaka bila kuruka hata mwaka mmoja walikuwa 150,608, hawafiki asilimia moja. Na majina ya hao wachache ndo yapo kwenye karibu asilimia 42 ya makala zote, na zile zilizonukuliwa zaidi ya mara elfu moja wapo kwenye asilimia 87. Mkuu wa maabara kubwa jina lake linaingia kwenye kazi ya kila mwanafunzi wake, kwa hiyo hata hapo usidhani kila mmoja anakesha anaandika mwenyewe. Na ni jambo la zamani, Alfred Lotka aliliona tangu 1926, alipohesabu waandishi wa kemia akakuta karibu 6 kati ya 10 wana makala moja tu.

Kwa hiyo kunyamaza baada ya PhD ndo hali ya kawaida ya wasomi wengi duniani. Ila sababu za kunyamaza zinatofautiana, na za kwetu nazijua vizuri.

Ukiwa mwanafunzi wa PhD una kitu ambacho hutakipata tena kirahisi, yaani una swali moja, una msimamizi anayekusumbua kila wiki, na kama uko nje una pasiwedi ya maktaba inayofungua kila jarida unalotaka. Siku ukimaliza pasiwedi inakufa. Unarudi chuoni kwako unakuta umepangiwa kozi nne, darasa moja lina wanafunzi mia tano, skripti za kusahihisha zimejaa meza, likizo ikifika unatumwa kukagua wanafunzi walioko fildi, na kwa kuwa sasa we ni dokta unapewa na ukuu wa idara. Nina rafiki yangu mtafiti wa samaki, alirudi na data za ziwani za kutosha makala kadhaa, nikimuuliza mbona huandiki ananiambia "dada, nitaandika saa ngapi?" na sina jibu la kumpa, maana naiona ratiba yake.

Alafu kuna konsaltansi. Mshahara haukidhi, mradi unakuja unataka ripoti kwa wiki sita, unaiandika na ni kazi nzuri tu, ila ripoti ni mali ya aliyelipa na inaishia kwenye kabati lake. Profesa Mahmood Mamdani alilipigia kelele sana hili pale Makerere mwaka 2011, kwamba utamaduni wa konsaltansi unamfanya msomi ajibu maswali ya mteja badala ya kuuliza yake. Namuunga mkono, ingawa simlaumu mwalimu mwenye ada za watoto za kulipa.

Na ukipata muda wa kuandika unakutana na bei. Mwaka 2021 jarida maarufu la sayansi la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala moja ili isomwe bure na kila mtu, hiyo ni zaidi ya milioni 25 za Kitanzania. Majarida mengine ni nafuu zaidi ya hapo, sawa, lakini hata dola elfu mbili mwalimu anazitoa wapi? Kuna msamaha kwa nchi maskini, ila Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na wapo wachapishaji ambao kundi hilo wanalipunguzia nusu tu. Nchi imepanda daraja ila mfuko wa mhadhiri haujapanda nayo.

Hapo ndo wanaingia matapeli wa majarida, wale wanaokutumia imeili za sifa nyingi na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa. Jeffrey Beall wa Marekani alikuwa anaweka orodha yao hadi akaiondoa mtandaoni Januari 2017. Watu wanatumbukia humo kwa sababu kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi kunahesabiwa kwa machapisho, na asiyefikisha anabaki pale pale. Ukimhesabia mtu idadi wakati umemnyima muda, unamsukuma mwenyewe kwa tapeli.

Kinachoniuma zaidi ni hii kuhesabu yenyewe. Mwanafizikia Peter Higgs aliandika makala zake maarufu mwaka 1964, baada ya hapo hazikufika kumi, na alipopata Nobeli mwaka 2013 aliliambia gazeti la Guardian kwamba kwa vigezo vya sasa hadhani kama kuna chuo kingemwajiri. Mtu wa namna hiyo kwetu angeandikiwa barua ya onyo.

Mi nataka vitu vidogo ambavyo mkuu wa kitivo anaweza kuvifanya hata mwaka huu. Anayerudi na PhD apewe mwaka wa kwanza kozi moja au mbili tu na asipewe cheo chochote cha utawala, ili tasnifu itoke makala wakati bado ina joto. Kamati ya kupandisha vyeo isome makala mbili tatu ambazo mwombaji mwenyewe kazichagua, wazisome kweli, wasiishie kuangalia jarida limo au halimo kwenye Scopus, ile orodha ya kimataifa ya majarida. Na makala iliyoandikwa kwa Kiswahili, kwenye jarida la Kiswahili la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au jarida la Swahili Forum ambalo linasomwa bure mtandaoni, ipewe uzito sawa na ya Kiingereza kama kazi ni nzuri, maana mwalimu wa sekondari kule Kigoma hiyo anaisoma na kuifundishia kesho yake.