Swali la hamsini na moja

Jumapili, 28 Septemba 2025. Columbus, Ohio.

Binti yangu ndiye mwalimu wangu siku hizi. Tukishaondoa vyombo vya chakula cha usiku, analeta rundo la kadi za mtihani wa uraia, maswali 100, ananihoji huku mimi nikikunja nguo. Akifika swali la 51 ananiangalia usoni, kwa sababu anajua hapo mama yake huchelewa. "Taja haki mbili za kila mtu anayeishi Marekani."

Jibu ninalo: uhuru wa kusema, uhuru wa kuabudu. Kinachonikwamisha ni hayo maneno "kila mtu anayeishi". Hawakusema raia. Wamesema anayeishi, yaani na mimi mzaliwa wa Tanga, mwenye grini kadi mkobani. Jana nilinyamaza muda mrefu mpaka akaniuliza, "Mama, umesahau?" Sikusahau, mwanangu.

Mwezi huu umekuwa mzito. Tarehe 10 Charlie Kirk, mwanaharakati wa kihafidhina, aliuawa kwa risasi akizungumza na wanafunzi kwenye chuo kikuu huko Utah. Mtu ameuawa na maikrofoni mkononi, mke na watoto wake wadogo wamebaki. Nilikuwa sikubaliani naye katika mengi, lakini usiku ule nilimwombea. Halafu hata wiki haijaisha, nchi ikaanza kusakana: nani ameandika nini kuhusu kifo chake, nani afukuzwe kazi. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Pam Bondi, akasema upo uhuru wa kusema na ipo kauli ya chuki, na wanaotoa kauli ya chuki watashughulikiwa. Baadaye alieleza kwamba alikusudia vitisho vya kuua. Ilibidi aeleze, maana sheria ya hapa haina kosa linaloitwa kauli ya chuki. Hata wahafidhina wenzake walimwambia hivyo.

Kisha likaja la Jimmy Kimmel, mchekeshaji wa televisheni, kwa maneno aliyoyasema kipindini mwake baada ya kifo hicho. Mkuu wa tume inayotoa leseni za utangazaji, Brendan Carr, alionya hadharani kwamba jambo hilo linaweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Siku hiyo hiyo, tarehe 17, televisheni ya ABC ikakisimamisha kipindi cha Kimmel. Kikarudi tarehe 23.

Pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wenzangu wawili hawakuachana na habari hiyo wiki nzima. Mmoja ni mama mtu mzima wa chama cha Republican, ambaye kila mzee akifariki hukaa naye mpaka gari la maiti lifike. Mwingine ni kijana wa chama cha Democratic, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji. Nawapenda wote wawili. Na nakumbuka Januari 2021, Twitter ilipomfungia Donald Trump akaunti yake siku mbili baada ya watu kulivamia Bunge. Kijana alisema ile ni kampuni binafsi, ina haki ya kumkataa imtakaye. Mama yule alitokwa na machozi, akasema leo wamemziba mdomo rais, kesho ni mimi. Safari hii kijana ndiye aliyepandisha sauti kuhusu uhuru, na mama ndiye aliyesema kampuni binafsi ina haki yake.

Ningependa wangenisikiliza kidogo, kwa sababu yapo mawili ambayo hayalingani. Kampuni ikikukataa kwa hiari yake ni jambo moja, hata kama linauma. Ofisa wa serikali mwenye leseni ya kampuni mkononi akiitolea vitisho, hilo ni jingine. Republican walilijua hili vizuri enzi za Biden, waliposhtaki kwamba Ikulu inaisukuma mitandao ya kijamii ifute maneno ya watu kuhusu korona. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliitupa kesi hiyo kwa kuwa walalamikaji hawakuonyesha kwamba serikali ndiyo iliyowadhuru. Lakini mwaka huo huo majaji wote tisa walikubaliana, katika kesi ya chama cha wenye bunduki dhidi ya ofisa wa New York, kwamba serikali haiwezi kuzitisha kampuni ili kumwadhibu mtu kwa msimamo wake. Na aliyekitetea chama hicho ni ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, ambalo kwenye suala la bunduki lenyewe hawakai meza moja.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hapa mkuki huu ni wa zamani. Rekebisho la Kwanza la Katiba, lile linalolinda uhuru wa kusema, lilipitishwa mwaka 1791, na miaka saba tu baadaye chama cha Rais John Adams kikatunga sheria ya kuwafunga wanaoikashifu serikali. Ukiisoma, inamkinga Rais, inalikinga Bunge, ila Makamu wa Rais hakutajwa. Makamu alikuwa Thomas Jefferson, wa upande wa pili. Yeye alikuwa ruhusa kutukanwa. Na mwisho wa sheria hiyo uliwekwa tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho ya muhula wa Adams, ili ikija zamu ya wengine isiwageukie wenyewe. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi minne kwa sheria ile, na wananchi wake wakamchagua tena akiwa bado gerezani.

Hata Ohio hii ninayoishi ina makaburi yake ya maneno. Eugene Debs, kiongozi wa Wasoshalisti, alihutubia Canton mwezi Juni 1918 akiipinga vita, akahukumiwa miaka kumi. Mahakama Kuu ikaibariki hukumu hiyo. Mwaka 1920 aligombea urais akiwa mfungwa huko Atlanta, akapata kura zaidi ya laki tisa.

Lakini inayonitoa usingizi ni kesi ya Clarence Brandenburg. Huyu alikuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Mwaka 1964 aliwaalika watu wa televisheni ya Cincinnati kwenye shamba moja, wakapiga picha msalaba unaowaka moto na watu waliovaa kanzu zao, wengine na bunduki. Alisema Mweusi arudishwe Afrika. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikaenda kuosha uso. Ohio ilimhukumu, na mwaka 1969 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu. Ikasema serikali haiwezi kumwadhibu mtu kwa maneno, ila yawe yamekusudiwa kuchochea uvunjaji wa sheria wa papo kwa papo, na yawe yanaelekea kweli kuuleta. Ndicho kipimo kinachotumika mpaka leo.

Kati ya mawakili walioandika hoja za kumtetea kuna jina la Eleanor Holmes Norton, mwanamke Mweusi aliyekuwa ameshiriki harakati za haki za Weusi huko Mississippi. Najaribu kumuona mezani kwake, anaandika, anafuta, anatafuta neno bora zaidi la kumwokoa mtu ambaye angemfukuza nchini. Alijua ni kina nani waliokuwa wanafungwa kila siku kusini kwa kosa la kusema. Mimi nguvu zile sina. Ila leo nikisimama kwenye mkutano Columbus nikasema la moyoni, nasimama juu ya kazi yake ile, na siwezi kujifanya sioni.

Sasa nirudi kwenye swali la 51.

Tarehe 26 Machi mwaka huu, Ramadhani, nilikuwa nachoma kaimati simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ikaingia video: msichana wa Kituruki, Rumeysa Ozturk, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Tufts, yuko barabarani Somerville anakwenda kufuturu. Watu wa uhamiaji waliofunika nyuso wakamzunguka. Kilichojulikana dhidi yake ni makala aliyoandika na wenzake kwenye gazeti la chuo kuhusu Gaza. Akapelekwa Louisiana, akakaa mahabusu wiki zaidi ya sita, hadi jaji alipoamuru aachiwe Mei 9. Kaimati zangu ziliungua. Mume wangu akatoka chumbani kuuliza moshi wa nini.

Usiku ule niliandika aya tatu kwa Kiswahili. Hazina tusi, hazimtishi mtu. Kabla sijaziweka hadharani nilimpelekea dada yangu mkubwa aliyeko Tanga. Akanipigia saa ile ile, kwake kulikuwa kunapambazuka. "Mdogo wangu, subiri kwanza uapishwe. Nakuomba." Nikamjibu, "Haya, dada." Zimebaki kwenye simu tangu siku hiyo, miezi sita.

Leo binti amezisoma. Nilimpa simu mwenyewe. Amesoma polepole, Kiswahili chake cha kusoma ni kizito, akaniuliza maana ya neno "dhuluma". Nimemweleza. Kisha akachukua kadi ya 51, akaitazama mbele na nyuma, akaniuliza kama mimi ni kila mtu.

Leo naziweka hadharani, jinsi zilivyokuwa.